Wimbo wa Langoni na Chingamu ya Chumvi

Katika sheria ya hataza, ile hati inayompa mvumbuzi haki ya peke yake, kuna mtu ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Anaitwa Mtu wa Fani. Amesoma kila kilichochapishwa duniani kuhusu kazi yake, hasahau hata mstari mmoja, na hajawahi kubuni kitu maishani mwake. Uvumbuzi ukipingwa, huyo ndiye anayeulizwa kama angelifikia jambo lenyewe bila kutoa jasho. Jibu likiwa ndiyo, jambo hilo ni dhahiri, na hataza inafutwa.

"Namjua," Ragnhild Thuesen alisema siku wakili wake alipomweleza hayo. "Ni shemeji yangu wa Kolding."

Wakili, Vibeke Rovsing, alicheka. Ragnhild hakucheka. Alikuwa mkemia, na shemeji yake alikuwa hivyo kweli.

Alikuwa amefanya kazi ya chingamu mjini Vejle, Denmark, maisha yake yote ya utu uzima, kwanza katika kiwanda kikubwa, kisha katika kiwanda chake kidogo ndani ya jengo lililokuwa la maziwa. Kiwanda hicho kilitengeneza kitu kimoja tu: chingamu yenye dawa ya kuzuia kichefuchefu, kwa wagonjwa wa saratani ambao wakimeza kidonge kinarudi kabla hakijafanya kazi. Dawa yenyewe ilijulikana tangu zamani. Taabu zake zilikuwa mbili. Ilikuwa chungu kupita kiasi, na ulimbo wa chingamu uliing'ang'ania isitoke. Waliotangulia waliimwagia sukari, mnanaa na ladha ya kila tunda. Ragnhild aliweka salmiaki, ile chumvi kali ya kwenye pipi nyeusi ambazo Wadeni huzitafuna tangu wana meno ya utotoni. Chumvi ilitangulia mdomoni, mate yakafurika, mate yakaichomoa dawa kwenye ulimbo, na ulimi uliokwisha kushtushwa na chumvi haukuona uchungu uliofuata.

Ni jambo la kuelezeka kwa pumzi moja, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Kitu kikielezeka kwa urahisi, watu hudhani kilipatikana kwa urahisi.

Kampuni moja kubwa, inayouza sindano ya kichefuchefu hichohicho, ilipinga hataza. Haikuwa na nia ya kutengeneza chingamu. Ilitaka isiwepo. Majaribio ya mwisho kwa wagonjwa yalikuwa ya gharama kubwa, na mfuko wa uwekezaji uliokubali kuyalipia ulisema bila kuzunguka: hataza ikisimama tunaendelea, ikianguka tunaondoka, kwa kuwa hakuna atakayelipia kujenga barabara ambayo kesho washindani wake wote wataipita bure. Kwa hiyo swali lililopelekwa Munich, kwenye ofisi ya hataza ya Ulaya, siku ile ya Novemba halikuwa nani apate faida. Lilikuwa kama chingamu ile itakuwepo au haitakuwepo.

Asubuhi, penye vining'inizio vya makoti, Ragnhild na Vibeke walimkuta shahidi wa upande wa pili amekwishafika. Alikuwa Ejnar Kjeldgaard, fundi mwashi mstaafu, jirani wa Ragnhild wa ng'ambo ya ua tangu nyumba zote mbili zikiwa mpya. Alikuwa amevaa suti yake ya mazishi.

"Ragnhild, kile kiti cha ndege kimeniachia mgongo wa punda," alisema. "Umekula?"

"Nimekunywa kahawa."

"Hawa wana mkate mweupe tu, kama wa kulishia bata. Nimekuja na wetu." Alitoa mfukoni kifurushi cha karatasi: vipande viwili vya mkate mweusi wa shayiri nyeusi, vimepakwa maini. "Chako hicho. Nimekuwekea tango."

Ragnhild alikipokea. Vibeke alimnong'oneza, "Unajua huyo ni shahidi wao."

"Ni mkate, Vibeke."

Ejnar alikuwa mtunzi wa mtaa. Hakuna kipaimara, jubilei ya ndoa wala mtu aliyetimiza miaka hamsini katika barabara ile ambaye hakutungiwa wimbo na Ejnar, ukachapwa kwenye karatasi, ukagawiwa na kuimbwa yeye mwenyewe akipiga kodiani. Alipostaafu alizipeleka karatasi zote kwenye hifadhi ya historia ya parokia, ambako hupelekwa vitu vya namna hiyo ili vilale. Mtafiti aliyekodiwa na kampuni ya sindano, mtu mwenye subira kuliko wengi, alikwenda kutafuta jina la Thuesen hadi huko, akakuta wimbo wa jubilei ya fedha ya Ragnhild na mumewe Aksel. Ubeti mmoja ulisema:

*Ragnhild kazini asaga, achuja,*
*dawa bado chungu, sukari yavuja.*
*Aksel mezani na pipi ya salmiaki:*
*"Tia hii, mate yajae, uchungu haubaki."*

Wimbo ulikuwa wa miaka sita kabla ya ombi la hataza, na chochote kilichokuwa hadharani kabla ya ombi, Mtu wa Fani huhesabiwa amekisoma. Karatasi ilipowasilishwa, Vibeke hakuogopa sana. Jambo huwa limewekwa hadharani pale tu linapomfikia mtu asiye na wajibu wa kulinyamazia, na hapo palikuwa na nafasi ya kubishana. "Walioimba walikuwa wageni wako?" alimuuliza Ragnhild. Ragnhild alijibu ndiyo, kwa kuwa baada ya kuimba wote waliingia ndani wakala. Vibeke akaandika: sherehe ya faragha.

Vibeke alikulia ghorofa ya nne katikati ya Copenhagen. Wimbo wa jubilei aliokuwa akiujua ni ule wa ukumbini jioni, katikati ya nyama na kitindamlo, mbele ya watu waliopelekewa kadi na kujibu kwamba watafika. Ragnhild alikulia Jutland. Wimbo wa jubilei usiotajwa kuwa wa jioni, kwake, ni wa asubuhi. Kila mmoja aliona hilo halina haja ya kuulizwa. Lilikuwa dhahiri.

*

Kikao kilianza vizuri. Baraza lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mama wa Kihispania aliyesikiliza bila kuandika.

"Mtu wa Fani si Mdeni," Vibeke aliwaambia. "Wala si Mfini, ambaye naye huzipenda pipi hizi. Hana kwao. Mpeni dawa chungu aifunike. Atatia sukari. Ikishindikana ataongeza sukari. Lakini atwae kitu ambacho watu wa sehemu kubwa ya bara hili wakionjeshwa hukitema, akitie mdomoni mwa mgonjwa ambaye tayari anatapika? Hakuna andiko la kitaalamu linalomwelekeza huko. Hata moja."

"Nilipewa pipi hiyo mara moja, Copenhagen," mwenyekiti alisema. "Nilidhani mwenyeji wangu amekosea, kanipa rangi ya viatu."

Watu walicheka, hata wakili wa kampuni ya sindano, Dakta Brandl, Mbavaria mpole mwenye sauti ya mhubiri wa redio. Wakati wa chakula Vibeke alikula kwa hamu. "Wanatufuata," alisema. "Yule mama keshaamua kwamba sisi ni wendawazimu, na wazimu ndio tunaoutaka, maana jambo la kiwazimu haliwi dhahiri." Ragnhild alikula nusu ya mkate wa Ejnar na kufunga nusu iliyobaki.

Baada ya chakula Ejnar aliitwa. Mkalimani wa Kideni aliketi kibandani. Dakta Brandl alimuuliza kama karatasi ile ni kazi yake, akasema ni yake, na kwamba mstari wa tatu una silabi zilizozidi, anajua. Tarehe haikuwa na ubishi: jubilei ya fedha huwa baada ya miaka ishirini na mitano, na kitabu cha kanisa kilionyesha siku ya ndoa.

Kisha ikawa zamu ya Vibeke. "Waliopewa karatasi walikuwa marafiki wa familia?"

"Marafiki, ndiyo. Majirani."

"Watu ambao wangetunza siri za nyumba ile."

Ejnar aliliwaza hilo kwa uaminifu. "Siri? Mtaani kwetu?" Mkalimani alichelewa kidogo kutafsiri. "Wangeambiwa wanyamaze, wangenyamaza. Baadhi yao."

"Lakini walikuwa kwenye sherehe ya nyumba ya mtu. Si watu wa kupita."

"Sherehe ya Ragnhild na Aksel, ndiyo."

Vibeke alishukuru na kuketi. Mambo yangeweza kuishia hapo, yakiwa na ukungu wa kutosha, maana katika mapingamizi ukungu humfaa mwenye hataza. Lakini mwenyekiti alimgeukia Ragnhild.

"Bibi Thuesen, si lazima ujibu. Baraza linataka tu kuielewa desturi. Hawa walioimba walikuwa wamealikwa?"

Vibeke aliweka mkono juu ya mkono wa Ragnhild. Haukuwa mzito. Ragnhild alihisi, akaelewa maana yake, na papo hapo alikuwa amekwisha kuanza kujibu. Tangu ujana wake hakuwahi kuulizwa jambo analolijua akasema halijui, na mdomo haukuwa na njia nyingine ya kupitia.

"Hapana," alisema. "Ulikuwa wimbo wa asubuhi. Kwenye wimbo wa asubuhi hakuna anayealikwa. Majirani hujenga tao la matawi ya msonobari langoni, na alfajiri husimama nje wakiimba mpaka mlango ufunguliwe. Wenye nyumba wanatakiwa wawe wamelala. Mwaliko ungeharibu kila kitu."

"Nje ni wapi?"

"Barabarani."

"Barabara ya nani?"

"Ya manispaa."

"Na karatasi?"

"Ejnar humgawia kila anayesimama. Aliyekuwa akileta magazeti alipata yake. Aliimba sauti ya pili."

Vibeke aliondoa mkono wake. Dakta Brandl hakuandika chochote. Hakukuwa na haja.

Vibeke alipigana bado, na alipigana vizuri. Alisema hata kama karatasi ilikuwa hadharani, ilikuwa mzaha, na mtaalamu wa kweli hachukui ushauri wa kemia kwenye wimbo wa walevi.

"Saa kumi na mbili asubuhi," Ejnar alinung'unika kutoka nyuma, "tulikuwa hatujalewa bado."

"Mzaha au si mzaha," Dakta Brandl alisema kwa upole, "Mtu wa Fani hana ucheshi. Husoma kila kitu kwa uso uleule. Anaambiwa: dawa chungu, tia salmiaki, mate yatajaa, uchungu utaondoka. Anakwenda maabara, anajaribu. Inafaulu. Amebuni nini?"

Baraza lilitoka, likarudi. Mwenyekiti alisoma uamuzi akiwa amesimama, bila furaha na bila majuto, kama mtu anayesoma joto la hewa. Hataza imefutwa. Kwa mwenye kuijua chingamu ya dawa iliyotangulia, na mwenye wimbo ule mkononi, uvumbuzi huu ulikuwa dhahiri. Mkalimani, ambaye bado alikuwa kibandani kwa ajili ya Ejnar, alilitaja neno hilo kwa Kideni cha wanasheria. Ukilichambua, maana yake ni kilicholala karibu. Ragnhild alikuwa amelisoma neno hilo katika barua za mawakili kwa miaka, na hakuwa amelichambua hata siku moja.

"Tunaweza kukata rufaa," Vibeke alisema kwenye ngazi.

"Mfuko utasubiri?"

Vibeke alivaa glavu moja, akatafuta ya pili. "Hapana. Ungeweza kusema hukumbuki, Ragnhild. Watu hawakumbuki. Ni miaka mingi."

"Nilikumbuka."

"Najua ulikumbuka." Aliipata glavu. "Na mimi nilipaswa kukuuliza. Swali moja tu, wimbo uliimbwa wapi. Nilikuja na mafaili manne, na swali hilo sikuwa nalo."

*

Walirudi na ndege moja, Ragnhild na Ejnar, kwa kuwa ilikuwa moja tu iliyobaki siku ile. Kampuni ya sindano ilikuwa imemkatia Ejnar tiketi ya mbele. Akaenda kumwomba mtu wa kiti cha nyuma wabadilishane, akaja kuketi karibu na jirani yake. Alitoa mfuko wake wa pipi nyeusi, akauangalia, akaurudisha mfukoni.

"Walisema wanachunguza nyimbo za zamani," alisema. "Nilifurahi, mimi mjinga. Nikasema kumbe kuna mtu anazisoma. Kisha ikaja barua kwamba nikiitwa sina budi kwenda."

"Ulikuwa huna budi. Na ulisema kweli."

"Ningejua, ningeziweka kwenye jiko la kuni zote."

"Ejnar. Yale maneno ya Aksel mezani, uliyatunga?"

"Nitungeje kemia mimi? Mimi ni mtu wa matofali." Alionekana kufarijika kuulizwa jambo la kazi yake. "Nina utaratibu wangu. Nakwenda kwa mume kuuliza vituko vya mke, halafu kwa mke kuuliza vituko vya mume. Wewe ulinipa ile ya mashine ya kukata nyasi, ndiyo ubeti wa pili. Yeye akanipa ya salmiaki. Anasema alikuwa anatafuna, wewe unalalamika juu ya dawa yako kutotoka kwenye ulimbo, akakwambia, tia hii, mama, mate yenyewe yataitoa. Na wewe ukamjibu asizungumze na chakula mdomoni." Ejnar alitabasamu, kisha akaacha. "Aliicheka sana. Hukumbuki?"

"Hapana," Ragnhild alisema.

Na hilo pia lilikuwa kweli. Alichokumbuka kilikuwa kingine. Miaka mitatu baada ya jubilei Aksel aliugua, na vidonge vyake viliishia kwenye beseni. Ndipo Ragnhild alipoichukua tena kazi ile ya zamani, na siku moja, amesimama dirishani pa maabara, pipi nyeusi ulimini, macho kwenye mvua iliyokuwa ikipiga gati, jambo zima likamjia. Aliliona lote kwa mara moja. Chingamu za kwanza alizitafuna Aksel, na kwa miezi kadhaa aliweza kula. Kisha hakuna kilichomsaidia tena. Ombi la hataza lilipelekwa baada ya mazishi, na penye jina la mvumbuzi palikuwa na jina moja.

*

Barua ya mfuko ilifika kabla wiki haijaisha. Ilikuwa fupi na ya heshima. Ragnhild alimwambia fundi wa mashine ya kukandamiza amalize unga uliokwisha kuchanganywa, kwa kuwa haukai, kisha aisafishe na kuizima. Fundi aliuliza aisafishe kwa ajili ya kuihifadhi au kwa ajili ya kuiuza. Ragnhild alisema kwa ajili ya kuiuza.

Muuguzi wa wodi ya saratani alipiga simu. Wagonjwa wachache walikuwa kwenye jaribio dogo la awali.

"Kuna mama mmoja hapa anauliza kama anaweza kubakiziwa kidogo. Pakiti moja tu, Ragnhild. Hakuna atakayejua."

"Jaribio limefungwa. Zilizobaki lazima zirudi, zichomwe, na nisaini kwamba zimechomwa."

"Anasema ndizo pekee zinazomwezesha kula."

"Najua. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye hataza."

"Si wale wengine watazitengeneza?" muuguzi aliuliza. "Maana sasa ni ruhusa kwa kila mtu, si ndiyo?"

"Ni ruhusa kwa kila mtu," Ragnhild alisema. "Kwa hiyo hapana."

Alirudi nyumbani kungali mchana. Pembeni mwa lango bado kulikuwa na vipande viwili vya bomba vilivyozikwa ardhini, ambamo majirani walisimamisha nguzo za tao. Aksel alikataa kuving'oa, akisema vitafaa kwa jubilei ya dhahabu. Vilikuwa vimejaa majani na maji. Ragnhild alivaa glavu za bustani, akajaribu kuving'oa, akaona Ejnar alivizungushia zege. Akaviacha.

Jikoni alikaa akalipima jambo kama alivyozoea kupima mambo. Upande mmoja palikuwa na dirisha, mvua na pipi ulimini, kumbukumbu iliyo wazi kabisa, isiyo na shahidi. Upande wa pili palikuwa na maneno yaliyochapishwa, yenye tarehe, na mtu aliyeyasikia kutoka kwa msemaji mwenyewe. Kwa kanuni alizoziamini maisha yake yote, dirisha lilishindwa. Mbele ya baraza lolote lingeshindwa.

Alibaki na swali moja ambalo lisingekuwa na shahidi. Katika ule mwaka wa chingamu za kwanza, Aksel akiwa bado anaweza kuketi na watu, Ragnhild alikuwa akiisimulia habari ya dirisha kila walipokuwa na wageni: mvua, gati, jambo lote kuja mara moja. Aliisimulia vizuri, na watu waliipenda. Kila mara Aksel alikuwepo mezani. Alijaribu kuuona uso wake, kama uliwahi kubadilika, kama aliwahi kufungua mdomo. Hakuuona. Alichoweza kuona ni mikono tu, iliyokwisha kukonda, ikishika bakuli na kuwapitishia wageni viazi.